Sarafu ya Shamba la Chini

Fleet End, Essex
12 Juni 2006

Bwana Maddocks,

Anwani yako nimepewa na katibu wa chama chetu cha watu wanaopekua mashamba kwa mashine za kunusa madini. Alisema wewe ndiye wa makumbusho unayeandikisha vitu tunavyookota, kwamba wewe ni Mwelshi, lakini huna neno. Nimemwamini nusu.

Ndani ya kopo hili la haradali kuna sarafu. Nimeizungushia pamba, kwa hiyo usiitupe pamba kabla hujaipekua. Mimi ni mfugaji wa kondoo na mkulima wa shayiri, umri nimeshaufikisha wa kupumzika ila kondoo hawajaambiwa. Jioni nazunguka na mashine yangu kwa sababu televisheni inanichosha. Hii imetoka Shamba la Juu, nyuma ya ghala. Shamba ni langu, ruhusa nimejipa mwenyewe, na saini yangu iko kwenye fomu.

Nataka nini? Nitasema wazi ili tusipotezeane muda. Chini ya Shamba la Juu kuna Shamba la Chini, linalopakana na tuta la udongo linalozuia bahari. Limeuzwa. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, litabadili mikono kama ardhi zote za huku, na siku hiyohiyo walionunua, chama cha kutunza ndege wa pwani, watalitoboa tuta kwa makusudi, bahari iingie, ndege wapate tope la kutembelea. Sisi akina Gowlett tumelilima shamba lile tangu enzi za babu wa babu yangu. Kuwazuia siwezi, na sina mpango wa kujifunga mnyororo kwenye trekta ya mtu. Ninachotaka ni mtu mwenye elimu yake aje alichimbe na kuliandika kabla halijafunikwa, ijulikane kwamba watu walikaa pale. Nasikia mkipata ushahidi wa kale mahali mnaweza kuwaleta wachimbaji. Basi ushahidi huo hapo. Kama kipo kitu huku juu, huko chini kitakosaje?

Ombi la mwisho: usiniandikie "haitambuliki". Katibu alileta yake mwaka juzi akajibiwa neno hilo, hadi leo ana kinyongo.

Thirza Gowlett

*

Ofisi ya Vitu Vilivyookotwa, Makumbusho
27 Juni 2006

Bi. Gowlett mpendwa,

Kopo limefika salama, na pamba nimeipekua. Asante kwa imani, hata ikiwa nusu.

Nianze na habari mbaya. Niliwapigia simu wenzangu wanaosimamia uchimbaji wa mambo ya kale. Walifungua ramani, wakaniambia Shamba la Juu halitaguswa na maji, kwa hiyo hakuna haraka, na kwamba sarafu moja ya Shamba la Juu haisemi chochote kuhusu Shamba la Chini. Nilibishana nao, lakini kwa kweli hawakukosea.

Sasa sarafu yenyewe. Ni ya Kirumi bila shaka, ya shaba iliyochanganywa, na ni kubwa: upana wake milimita thelathini na moja. Ila imesuguka vibaya. Ukiitazama mchana kweupe ni kibati tu. Sisi tuna ujanja wetu: unafunga mapazia, unawasha taa moja ndogo na kuiweka ubavuni, mwanga ulale juu ya sarafu kama jua la asubuhi kwenye matuta ya viazi, halafu unaizungusha taratibu. Kilichobaki, hata kiwe chembamba vipi, kitatoa kivuli. Nimeizungusha hivyo siku kadhaa, hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naifanyia uganga. Kuna kichwa, kinatazama kulia. Cha nani, bado.

Kuna kitu kimoja kinaninyima raha. Ukingoni kuna ufa, na ndani ya ufa kuna udongo ulioganda. Ni mwekundu, wekundu wa tofali lililopondwa. Ramani ya udongo inaniambia Shamba la Juu lote ni mfinyanzi wa kijivu. Je, una udongo mwekundu huko juu?

Wako,
Ifor Maddocks

*

Fleet End
2 Julai 2006

Bwana Maddocks,

Udongo mwekundu! Nimekutumia sarafu, wewe unachunguza uchafu wake. Baba aliwahi kuvunja banda la matofali, huenda vumbi lake lilitawanyika. Na trekta hubeba tope kila mahali. Usijisumbue.

Shughulika na kichwa. Mimi nilipokitazama kwa kioo cha kukuzia niliona mfalme amevaa kofia ya chuma, imetokeza nyuma kisogoni. Nimekuwa nikimwita Bwana Kisogo. Niambie ni mfalme gani, nimtajie mke wa kasisi, maana alicheka nilipomwonyesha.

Na hao wenzako wa ramani waambie ramani haijawahi kulima.

Thirza Gowlett

*

Makumbusho
11 Julai 2006

Bi. Gowlett mpendwa,

Si mfalme! Si kofia! Ni mwanamke, na hicho kilichotokeza kisogoni ni nywele!

Samahani kwa kelele. Hapa ofisini nilipiga kelele zaidi. Jana nilishusha taa chini kabisa, karibu na meza, na kivuli kikajikunja chenyewe: shingo nyembamba, halafu fundo la nywele lililofungwa nyuma, chini, karibu na shingo. Warumi waliwaweka wake wa makaisari kwenye sarafu zao, na kila mmoja alikuwa na msuko wake. Faustina mkubwa alizirundika nywele utosini. Binti yake, Faustina mdogo, mke wa Kaisari Marko Aurelio, alizifunga nyuma kama huyu wako. Tatizo ni kwamba huyo naye alikuwa na binti, Lucilla, na binti alizifunga kama mama. Maandishi ya pembeni yangetuamulia, nayo yamefutika yote. Kwa hiyo nitaandika "mama au binti", kwa sababu hapo ndipo ujuzi wangu unapokoma.

Tena kusuguka huko tunakokulalamikia kuna maana. Sarafu hii ilipigwa karne ya pili. Ili iishe namna hii, ilibidi ipite mikononi na mifukoni kwa miaka mingi, labda mia. Aliyeiangusha hakuwa mpita njia tu. Alikaa mahali ambapo watu waliuziana vitu kila siku.

Sasa niruhusu nirudi kwenye uchafu. Katika pwani yenu udongo mwekundu haukuletwa na baba yako. Zamani watu walichemsha maji ya bahari kwenye vyombo vya udongo, juu ya moto mkali, wapate chumvi. Ardhi iliungua ikawa nyekundu, vyombo vilivunjika vikarundikana, na mirundo hiyo ipo hadi leo. Lakini ipo karibu na maji, Bi. Gowlett. Haiko nyuma ya maghala.

Mimi si polisi. Naijua desturi ya vyama vyenu: mtu akiokota kitu kizuri hulisogeza shamba kwenye karatasi, wezi wa usiku wasije na mashine zao. Nimewahi kuandikiwa kwamba sarafu imeokotwa katikati ya bwawa la kuogelea. Sikasiriki. Ila wewe ndiye unayetaka Shamba la Chini lichimbwe, na kama sarafu imetoka huko, wenzangu watakuja mbio. Nahitaji vitu viwili tu: mahali pa kweli, na ruhusa ya mwenye ardhi.

Wako,
Ifor Maddocks

*

Fleet End
15 Julai 2006

Bwana Maddocks,

Haya, umenishika.

Imetoka Shamba la Chini, kwenye doa jekundu ambalo tangu utoto wetu tunaliita Kipara, kwa sababu shayiri hapo huota mojamoja kama nywele za mzee. Ningekwambia nililisogeza kwa ajili ya wezi, na ungeniamini, maana ndivyo tunavyofanya sote. Lakini umenijibu kwa ustaarabu, na ulinifurahisha na huyo mwanamke, basi nitakupa na kilichobaki.

Shamba la Chini si langu. Baba alipofariki, nyumba na Shamba la Juu vikawa fungu langu, Shamba la Chini likawa la kaka yangu Wilf. Ni yeye aliyeuza. Hakuniuliza. Alikuja kwa chakula cha Krismasi mwaka juzi, akala, akafuta mdomo, akatangaza. Nikamrushia bakuli la mchuzi. Halikumpata, lakini nia ilikuwepo. Tangu siku hiyo yuko Norwich kwa binti yake Jocelyn, na hatujasemezana. Mpaka siku ya Mikaeli ardhi bado ni yake na ruhusa ni ya kwake. Nilikwenda na mashine bila kumuuliza. Ndiyo maana nilikuandikia Shamba la Juu, ili saini iwe yangu.

Kwa hiyo nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, najua. Mimi simwandikii. Mwandikie wewe, kwenye karatasi yenye nembo.

Thirza Gowlett

*

Makumbusho
19 Julai 2006

Bi. Gowlett mpendwa,

Asante kwa ukweli. Nimeshafuta Shamba la Juu.

Kuhusu kaka yako, hapana. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na jembe langu mimi ni sarafu. Tena barua yenye nembo ikimfikia mtu anayeuza ardhi, ataipeleka kwa wakili, wakili ataiweka chini ya nyingine, na siku ya Mikaeli itapita. Bila ruhusa ya mwenye ardhi siwezi kuandika chochote, na kisichoandikwa hakichimbwi.

Mwandikie wewe. Sihitaji mpatane. Nahitaji saini yake. Fomu hiyo ndani.

Ifor Maddocks

*

Fleet End
24 Julai 2006

Wilf,

Usiichane, soma kwanza. Sijaandika kukuomba radhi, na wala sikuombi uniombe.

Nimeokota sarafu ya Kirumi kwenye Kipara. Ndiyo, niliingia shambani kwako bila hodi. Nimeliokotea mawe shamba lile tangu nikiwa na miaka saba, wewe ukijificha nyuma ya gari la nyasi kavu, nikadhani miguu yangu ina ruhusa ya kudumu. Kumbe haina. Mtu wa makumbusho anasema kwenye sarafu kuna mwanamke, na Kipara si tanuri la matofali kama alivyotuambia baba. Watu walichemsha chumvi pale, Wilf, miaka elfu na mia nane nyuma! Sisi tulikuwa tunakalia vichwa vya watu tukila mkate na jibini, hatujui.

Anataka saini yako tu. Ukitia, wachimbaji watakuja baada ya mavuno, wapige picha, waandike, waondoke. Sina nia ya kuharibu mauzo yako. Umeshauza, umeshauza. Ila sitaki bahari ilifunike shamba la baba kama vile hapakuwahi kuwa na mtu.

Tia saini kwenye msalaba wa penseli. Stempu nimeweka, usije ukasema umekosa.

Thirza

*

Norwich
31 Julai 2006

Tizi,

Barua yako imefika. Nilimwomba Jocelyn aitingishe kwanza, isije ikawa na bakuli ndani.

Sitii saini. Sasa kaa kitini nikueleze, maana nimechoka kuwa mtu mbaya katika kijiji nilichozaliwa.

Unadhani niliuza kwa tamaa. Nilikuacha udhani hivyo kwa sababu ulikuwa unarusha vyombo, na mimi nina kiburi cha baba kama ulivyo nacho wewe. Miezi mitatu kabla ya ile Krismasi nilimleta fundi wa matuta. Alitembea juu ya tuta lote na fimbo yake ya chuma, akafika kule kwenye kona, akaidumbukiza, ikazama hadi mkononi. Alisema tuta limeliwa chini kwa chini, na dhoruba moja mbaya ingetosha. Likibomoka kwenye kona ile, maji hayasimami Shamba la Chini, yanakuja hadi jikoni kwako. Kulijenga upya hatukuwa na uwezo, wewe wala mimi. Hawa wa ndege walikuwa na uwezo. Nikawaambia shamba watalipata kwa sharti moja: kabla hawajatoboa la zamani, wajenge jipya juu kidogo, kati ya Shamba la Chini na la Juu, mbele ya nyumba yako. Hilo tuta jipya unalolilaani kila asubuhi trekta zikikuamsha, ndilo hilo. Ni mimi niliyeliweka kwenye mkataba.

Sasa unaniletea watu wa makumbusho. Wakikuta hekalu je? Kazi yote itasimama, watakuja mabwana wakubwa na mikutano yao, na mkataba utaahirishwa mwaka. Bahari haiahirishi. Bora uninunie mpaka kufa kuliko ufe maji kitandani.

Kaka yako,
Wilf

*

Fleet End
4 Agosti 2006

Wilf,

Mpumbavu mkubwa wewe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikatoka nikaenda kulitazama tuta jipya, lile ambalo nimeliita majina ambayo hayaandikiki. Nililia, na ole wako umwambie Jocelyn. Kwa nini hukusema? Hata kupitia dirishani? Karibu miaka miwili nimekaa mezani peke yangu nikikusema kwa kondoo, na kondoo wote sasa wanakuchukia bure.

Sikuombi tena saini. Sarafu naitaka iandikwe, hilo silifichi, naitaka sana. Lakini siitaki kwa gharama ya usingizi wako. Mtu mwenyewe anaitwa Ifor Maddocks, anwani nimekuandikia nyuma. Muulize. Akikwambia karatasi zake zinaweza kusimamisha tuta, chana fomu. Nitaiomba sarafu irudi, niiweke kwenye kopo lake la haradali, na Kipara kiende na siri yake. Akisema haziwezi, amua mwenyewe.

Tumbo lako bado linakusumbua? Jocelyn asikupe vitunguu.

Tizi

*

Norwich
8 Agosti 2006

Bwana Maddocks,

Mimi ndiye mwenye Shamba la Chini. Dada yangu anakusifu, jambo ambalo si kawaida yake, kwa hiyo nina wasiwasi.

Nina swali moja, na nataka jibu la neno moja. Ukiiandikisha sarafu hiyo, na watu wako wakachimba, je, kuna chochote wanachoweza kukuta pale kitakachozuia tuta lisitobolewe siku ya Mikaeli?

W. Gowlett

*

Makumbusho
17 Agosti 2006

Bwana Gowlett,

Hapana.

Umeomba neno moja nami nimelitoa, ila nimechelewa kulitoa kwa sababu sikutaka kukupa neno nisilokuwa na uhakika nalo. Nilikwenda kuwaona walionunua shamba, na wenzangu wa uchimbaji, nikawakalisha meza moja. Wamekubaliana hivi: wachimbaji wanaingia baada ya shayiri kukatwa, wanatoka kabla ya siku ya Mikaeli, wanaandika walichokiona na kuchukua wanachoweza kubeba. Kisichobebeka kinabaki chini. Hata wakikuta hekalu, litaogelea. Wametia saini zao, nakala hiyo hapo.

Nakiri iliniuma kukubali. Mtu wa kazi yangu hapendi kuahidi kwamba ataacha kitu. Lakini dada yako ameniandikia kwamba yuko tayari kuipoteza sarafu yake ili wewe ulale, nami nisingeweza kuwa mbishi kuliko yeye.

Ifor Maddocks

*

Fleet End
16 Septemba 2006

Bwana Maddocks,

Saini ya Wilf uliipata kutoka kwangu, kwa hiyo unajua kwamba yeye hakuituma kwa posta. Aliileta hadi huku mkononi, akisema posta siku hizi si ya kuaminika, akaja na viatu vyake vya shambani na nguo za wiki mbili. Nilimpa chai. Akaitazama kabati ya vyombo, akaniuliza, "Bakuli liko wapi?" Nikamwambia lilivunjika. Akasema, "Ukutani upande wangu au wako?" Basi, tukamaliza hivyo. Sisi si watu wa kukumbatiana.

Wachimbaji wako ni watoto wazuri, wembamba mno, nimewalisha. Mkubwa wao, yule binti Rohese, amefanya kazi kama siafu. Wamekuta majiko matatu ya kuchemshia chumvi, yamejipanga, na vipande vya vyombo vyekundu vya kujaza mkokoteni. Wilf alikuwa anasimama ukingoni mwa shimo akijifanya haangalii. Siku ya pili akashuka ndani. Siku ya tatu akawa anawaelekeza jinsi ya kushika koleo, na kwa hilo aliwaudhi.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisoma kwenye ripoti. Juu ya majiko, pembezoni mwa Kipara, chini ya udongo wetu wa kulima, kuna tabaka la tope la kijivu, nene kama godoro. Wilf aliuliza ni nini. Rohese akasema ni tope la bahari. Akasema maji yalipanda, yakawafikia, wale wa chumvi wakafungasha wakaenda juu. Hakuna aliyerudi mpaka watu walipojua kujenga matuta, miaka mingi sana baadaye.

Wilf aliligusa lile tope kwa kidole. Kisha akaniambia, "Unasikia, Tizi? Na wao walilazimika." Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Nilikuwa nadhani mimi ndiye wa kwanza kuliachia." Akavua kofia yake, akajifuta uso, akasema ni jua, na mvua ilikuwa inanyesha.

Sikujua kwamba mzigo wake ulikuwa huo. Mimi nilitaka watu wajue tulikaa pale. Yeye alitaka kujua kama ni dhambi kuondoka. Nakushukuru, Bwana Maddocks, kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Thirza Gowlett

*

Fleet End
1 Oktoba 2006

Bwana Maddocks,

Limetobolewa. Ulisema ungependa kujua ilivyokuwa, nami nitajitahidi, ingawa hapakuwa na mengi. Mashine moja ya njano, kijana mmoja ndani yake anatafuna kitu. Sote tulisimama juu ya tuta jipya, mke wa kasisi, katibu na chama chake, Jocelyn na watoto. Kijana akachota, akachota, maji yakaja kidogo kama mtu amemwaga ndoo jikoni. Mtu mmoja akasema, "Ndiyo hayo tu?" Halafu yakaja. Hayakuja kwa hasira. Yaliingia kwenye mabua ya shayiri yakitafuta mifereji ya zamani, na yaliipata, kana kwamba hayajawahi kuondoka. Kipara kilikaa juu ya maji mpaka mwisho, chekundu, kidogo. Wilf alinishika kiwiko. Kikaenda.

Usiku upepo ulivuma na nilisikia bahari karibu kuliko nilivyozoea. Nilimsikia Wilf anatembea chumbani kwake, akaenda dirishani, akalitazama tuta lake, akarudi kulala. Anakaa hadi Krismasi, anasema. Nimenunua vyombo vya bati.

Sasa nina swali. Leo asubuhi alikuja kijana anayechora ramani za serikali. Kwa adabu kabisa aliniambia Shamba la Chini linafutwa. Kwenye ramani mpya hapatakuwa na jina wala mpaka, pataandikwa tope la bahari. Sawa, ni kazi yake, na macho anayo. Lakini karatasi yako je? Nikifa, mtu akaitafuta sarafu yangu, ataambiwa mwanamke mmoja mkulima aliiokota baharini? Watadhani nilikuwa mvuvi. Watadhani hatukulima kitu. Niambie ukweli, usinifariji.

Thirza Gowlett

*

Makumbusho
6 Oktoba 2006

Bi. Gowlett mpendwa,

Sikufariji. Nakueleza kanuni.

Sisi hatuandiki ardhi ilivyo leo. Tunaandika ilivyokuwa siku kitu kilipotoka udongoni, na baada ya kufungwa, maandishi hayo hayaguswi, si na bahari, si na kijana wa ramani, wala na mimi mwenyewe. Nimeyafunga leo mchana. Nakunakilia yalivyo, uyasome pamoja na kaka yako:

"Sarafu ya Kirumi ya shaba iliyochanganywa, imesuguka sana kwa matumizi ya muda mrefu. Kichwa cha mwanamke, kinatazama kulia, nywele zimefungwa nyuma ya shingo: Faustina mdogo au Lucilla, mama au binti. Karne ya pili. Ilipookotwa: Shamba la Chini, Fleet End, kwenye doa jekundu wenyeji wanaloliita Kipara. Mwokotaji: Thirza Gowlett. Kwa ruhusa ya: Wilfred Gowlett. Matumizi ya ardhi: inalimwa, shayiri."

Ifor Maddocks